Tiketi ya Elfu Hamsini, Mbwembwe za Milioni Tatu: Staa Akienda Besiboli Marekani, Anayepigwa ni Shabiki

Kuna ugonjwa umeingia mjini, na dalili yake ya kwanza ni kofia ya New York. Staa anapata shoo Marekani, anashuka kwenye ndege, siku ya pili tu keshavaa jezi yenye mistari, kasimama nje ya uwanja wa besiboli, mkononi ana mkate wenye soseji, na chini ya picha kaandika maneno ya kuwasimanga waliobaki Mbagala: "Maisha ni kuchagua."

Sawa, maisha ni kuchagua. Basi ijulikane alichagua nini, na kilimtoka shilingi ngapi kweli.

Stori iliyochafua hali ya hewa ni ya msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina linabaki kapuni ila wanaomfuatilia wameshamjua. Jamaa alitupia picha akiwa Yankee Stadium, kule Bronx, akadai kakata tiketi ya milioni tatu kwenda kuona "fainali". Mwezi ulikuwa wa tano! Fainali ya ligi ya besiboli Marekani, ile wanayoiita World Series, inaanza mwishoni mwa mwezi wa kumi. Mwezi wa tano ni mechi za kawaida kabisa, sawa na mechi ya ligi ya Jumatano saa kumi jioni ambayo hata muuza maji anasinzia.

Akakosea mara ya pili. Akaposti na tiketi yenyewe, kila kitu wazi kama bango la mganga. Sehemu ya kukaa ilisomeka namba ya mia nne na kitu. Kwa asiyejua, pale Bronx namba zinazoanza na mia nne ziko juu kabisa, karibu na mawingu, ndiko kuliko na viti vya bei ya chini. Mdada mmoja Mtanzania anayeishi hukohuko akaandika chini ya posti: "Kaka, huko juu wanafunzi wanakaa kwa hela ya chipsi kuku." Haikupita nusu saa, posti ikafutwa. Ila mjini hapa skrinshoti hazifutiki.

Hapo kuna mambo mawili, moja lazima liwe kweli. Ama staa kadanganya bei, ama kapigwa. Watu wamecheka, wamesambaza, wamesahau. Lakini ukiangalia vizuri, hii habari haichekeshi kihivyo, kwa sababu kuna watu wanalizwa kupitia posti kama ile.

Kwanza ieleweke tiketi za kule zinavyokwenda. Ligi yao, MLB, ina timu 30. Kila timu inacheza mechi 162 kwa msimu, kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tatu mpaka mwishoni mwa mwezi wa tisa, na 81 kati ya hizo inachezea nyumbani. Hebu piga hesabu: timu moja icheze kwa Mkapa mara 81 ndani ya miezi sita, nani atagombania tiketi? Viti vipo vya kumwaga. Jumanne usiku, timu mbili zisizo na bifu, kwenye miji kama Miami au Pittsburgh, mtu anaingia kwa dola 20 au chini ya hapo. Kwa hela ya Bongo hiyo ni elfu hamsini na kitu.

Ndiyo, zipo tiketi za bei mbaya. Yankees na Red Sox Jumamosi, viti vya chini kule nyuma ya mpigaji, hapo utalia. Na bei yenyewe haitulii. San Francisco Giants walianza mwaka 2009 kujaribu mfumo wa kupandisha na kushusha bei kutokana na nani anacheza, siku gani na hali ya hewa ikoje. Mwaka 2010 wakautumia kwa uwanja mzima, na timu nyingine zikafuata. Kwa hiyo kiti kilekile leo kina bei hii, keshokutwa kina bei nyingine. Mtu anayetaka kuona mchezo anachagua siku, anaingia kwenye tovuti ya timu au kwenye programu ya ligi, anakata, kazi imeisha. Mtu anayetaka picha hana muda huo. Anampigia "mtu wake".

Huyo "mtu wake" ndiye mwenye habari yote.

Kwenye miji mikubwa ya Marekani kuna Mbongo au jirani wa Mbongo anayejiita mratibu wa burudani. Kwa jina la nyumbani ni dalali. Anakununulia tiketi ya dola 25, anakuuzia 200, anaongeza neno "VIP" kwenye meseji ya WhatsApp. Akiwa na roho mbaya zaidi, anakutumia skrinshoti. Tiketi za kule zimehamia kwenye simu siku nyingi. Zinatoka akaunti moja kwenda akaunti nyingine, na viwanja vingi havipokei skrinshoti wala karatasi ya kuprinti. Dalali anaweza kuuza skrinshoti moja kwa watu watano. Wote watano wanafika getini na jezi mpya, wanarudi nyumbani na jezi mpya.

Sasa staa anahusikaje? Rudi kwenye ile posti kabla haijafutwa. Chini ya zile mbwembwe za milioni tatu kulikuwa na tagi. Akaunti ya dalali, na maneno "mtu wangu wa nguvu, ukija States mcheki huyu". Inavyosemekana, ile tiketi ya juu mawinguni staa wala hakuilipia. Alipewa bure ili atage. Milioni tatu haikuwa bei, ilikuwa tangazo.

Na tangazo lina wateja. Wateja wenyewe hawana jina mjini: dereva wa malori anayelala kwenye gari Ohio, mwanafunzi anayeosha vyombo usiku, mdada anayelea wazee zamu mbili kwa siku. Huyu mdada kamleta mama yake kutembea kwa mara ya kwanza, baada ya kuhangaikia viza miaka. Mama kaona kwenye simu yule kijana wa nyimbo akiwa uwanjani, anacheka, anasema, "Mwanangu, na sisi twende hapo." Mdada hajui besiboli wala njia ya kukata tiketi, anachojua ni ile akaunti iliyotagiwa na staa. Anamtumia dalali dola 400 za watu wawili. Wanafika getini, mashine inagoma, dalali hapokei simu. Mama wa watu kasimama na kitenge chake na kofia ya New York, anauliza, "Kwani tumekosea mlango?"

Hapo nani kamuibia huyo mama? Dalali peke yake?

Staa akidanganya bei, kila bei ya dalali inaonekana ya huruma. Kama staa kalipa milioni tatu, dola 200 mbona bei poa! Ndivyo uongo mdogo wa Insta unavyogeuka kibali cha kuwapiga watu wanaotafuta hela kwa jasho. Na aliyeufanya uongo yuko zake hotelini anahesabu laiki.

Wenzao wameliona tatizo la bei za ujanja muda mrefu. Kule Marekani, tangu tarehe 12 Mei 2025 kuna kanuni inayomlazimisha anayeuza tiketi za matukio ya laivu kuonyesha bei nzima tangu mwanzo, makato yote ya lazima yakiwemo, maana zamani unaona dola 20, ukifika kwenye kulipa unakuta imevimba. Japani, nchi nyingine yenye uchizi wa besiboli, wamekaza zaidi: sheria iliyoanza Juni 2019 inakataza kulangua tiketi za burudani na michezo zilizowekewa masharti hayo kwa bei ya juu kuliko iliyoandikwa, na ukikamatwa unaweza kula mpaka mwaka mmoja jela au faini ya mpaka yen milioni moja, au vyote viwili. Hizo ni serikali zinahangaika na walanguzi. Huku staa wa Bongo anawapigia debe bure, kwa kiti cha mia nne na kitu.

Kinachokera zaidi ni akirudi nyumbani. Staa huyohuyo, siku ya dabi ya Kariakoo, hana habari na N-Card. Tiketi ya mzunguko ni hela ya vocha, yeye anampigia mtu wa klabu: "Bro, nifanyie mbili za VIP." Kwenye shoo za wasanii wenzake anapita getini na watu saba nyuma yake, kila mmoja "yuko na mimi". Halafu ikifika shoo yake mwenyewe, analia laivu kwamba mashabiki hawasapoti muziki, wanataka kuingia bure. Kwa hiyo tiketi ina heshima ikiwa na nembo ya Yankees tu? Ikiwa na jina la msanii mwenzake wa Tandale, inakuwa karatasi?

Na kama ni mapenzi ya besiboli kweli, besiboli ipo Dar. Pale Upanga, Azania Sekondari, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa 2018. Kuna na mashindano ya shule yanaitwa Tanzania Koshien, jina limetoka kwa Koshien wa Japani, uwanja uliopo tangu 1924. Watoto wa Kibongo wanarusha, wanapiga, wanakimbia juani. Umewahi kuona staa gani kajipiga selfie pale? Hakuna nembo ya New York, kwa hiyo hakuna picha.

Jirani zetu Uganda nao waulizwe. Mwaka 2011 watoto wao walifuzu mashindano ya dunia ya Little League, yanayofanyika Williamsport, Pennsylvania, wakanyimwa viza. Mwaka 2012 timu ya Lugazi ikafuzu, ikaenda, ikawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Na unajua kiingilio cha mashindano yale ni shilingi ngapi? BURE. Hakuna milioni tatu wala dalali. Ila bure haiposteki.

Sasa watetezi wamejaa. Wa kwanza anasema "hela zake, mwache ale bata". Ale. Angekuwa kala hela zake, kimya kimya, nani angemuuliza? Kaulizwa kwa sababu kaweka bei hadharani na kaweka namba ya dalali hadharani. Wa pili anasema "wivu tu, hamjawahi hata kupanda ndege". Mama aliyesimama getini Bronx alipanda ndege. Wa tatu anasema "anafungua macho vijana, waone dunia". Hapo ndipo angeweza kuwa na maana. Mtu mwenye wafuasi milioni kadhaa angesema maneno machache tu, watu wangeokoka.

Angesema: kata mwenyewe kwa timu au kwenye programu ya ligi. Ukinunua kwa mtu, tiketi ihamishiwe kwenye akaunti yako kabla hela haijatoka. Chagua katikati ya wiki. Usikate ya siku ya mwisho ya safari, maana mvua ikivuruga mechi, kwa kawaida tiketi inasogezwa mpaka siku itakayorudiwa, na wewe kesho una ndege, imekula kwako. Soma masharti ya begi, viwanja vingi vinakataa ya mgongoni. Ukienda Yankee Stadium, panda treni namba 4 au D, shuka 161st Street, uko mlangoni, nauli kama dola 3. Ukiingia, kaa. Mechi ina raundi tisa, na tangu 2023 walipoweka saa ya kumharakisha mrushaji, nyingi zinaisha kabla ya masaa matatu. Muulize mzee wa pembeni nini kinaendelea, atakueleza mpaka uchoke.

Yule staa, kwa mujibu wa stori zake mwenyewe za Insta, raundi ya tatu alikuwa keshafika mgahawani.

Maneno hayo hayahitaji milioni tatu. Yanahitaji staa mwenye moyo wa kusema, "Wadau, nimekaa juu kabisa kwa elfu hamsini na nimefurahi." Nani angemcheka? Watu wangempenda zaidi, maana elfu hamsini ni kitu ambacho dereva wa malori anaweza kukipanga. Akisema milioni tatu, kawafungia mlango, kisha kampa dalali ufunguo.

Kwa hiyo kwa yule ndugu wa kofia, na wengine watakaokwea pipa msimu huu: ukiposti bei, weka risiti. Ukitagi mtu anayeuza tiketi, sema kama umelipwa au umepewa bure. Na kama kuna shabiki kalizwa kupitia tagi yako, mrudishie hela yake kabla hujaposti mechi nyingine. Jezi yenye mistari haimfanyi mtu kuwa mjanja. Kuna wafungwa nao wanavaa mistari.

Wadau, semeni ukweli hapo chini: huyu apewe maua yake, au aweke risiti? Na wewe uliye majuu, uliingia uwanjani kwa shilingi ngapi? Taja bei yako, wasioijua wajue.