Msiupige msasa upanga wa babu

Leo mniwie radhi, kwani sitagusia karo wala bei ya unga. Kuna barua iliyonifikia juma lililopita kutoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Buruburu, Nairobi, na tangu niisome haijanitoka akilini.

Mama huyu anasema babu yake, mzaliwa wa Kitui, alikuwa askari wa Keya na alipigana na Wajapani kule Burma, nchi ambayo leo huitwa Myanmar. Aliporejea nyumbani baada ya vita alikuwa na blanketi, viatu vya jeshi na upanga mmoja wa Kijapani. Upanga huo ulikaa darini miaka na mikaka. Mzee alifariki, nyumba yake ya zamani imebomolewa, na sasa upanga umeletwa mjini ukiwa umeviringishwa kwa gunia. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Mwanawe, ambaye yuko chuo kikuu, ameshanunua msasa. Anataka kuusugua mpaka ung'are kama zile panga za sinema, kisha atafute mnunuzi. Kaka yake mama anapinga. Yeye anataka usafirishwe hadi Japani kwa wenyewe, ambako eti utaleta pesa za kununua matatu. Naye mama mwenyewe hataki hata kuuona, kwa kuwa hajui uliua wangapi. "Tufanye nini?" anauliza.

Dada yangu, la kwanza ni hili: mnyang'anye kijana huo msasa, tena leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Akinuna, mwache anune. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Sasa niwaeleze sababu. Hadithi ya babu ni ya kuaminika. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na nchi jirani, ilipita katika bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944 ikiwafukuza Wajapani. Maofisa wa Kijapani walibeba panga vitani. Japani iliposhindwa mwaka 1945, Mountbatten, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Washirika katika eneo hilo, alishikilia kwamba maofisa hao wakabidhi panga zao mbele ya watu. Nyingi zilisambaa duniani kupitia mikononi mwa askari waliokuwa wakirudi makwao.

Lakini panga hizo hazikuwa za namna moja. Nyingi zilitengenezwa haraka haraka kwa ajili ya vita ile. Nyingine zilikuwa za kale kabisa: ofisa alichukua upanga wa mababu zake, akauvua mavazi ya zamani, akauvika mpini na ala ya kijeshi. Kwa nje panga hizo mbili hufanana kama mapacha. Kwa ndani, mmoja una miaka 80 na ushei, na mwingine huenda una miaka 400.

Mama ameandika kwamba mpini umefungwa uzi wa kahawia, chini ya uzi kuna ngozi nyeupe yenye chembechembe, na ala ni ya chuma iliyopakwa rangi. Huo ni mtindo wa ofisa. Ungekuwa na mpini wa madini uliofinyangwa ukafanana na uzi, na bapa lake limepigwa nambari, ningemwambia mara moja kwamba ni wa sajini na umetoka kiwandani. Lakini huu wa kwao hauwezi kujulikana kwa kutazamwa nje tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mvungu wenyewe ni msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Kwenye mpini wa upanga wa Kijapani mna kigingi kidogo, kwa kawaida cha mwanzi. Kikisukumwa polepole kikatoka, mpini huvuliwa na msuka ukaonekana. Wanaokusanya panga hizi hutazama hapo kabla ya kutazama makali. Msuka wa kale huwa na kutu ya hudhurungi iliyokolea, karibu nyeusi, ambayo hujijenga pole pole kwa karne nyingi. Kutu hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha upanga. Anayeisugua amechoma cheti, na thamani ya upanga huporomoka siku hiyo hiyo.

Kwenye msuka huweza kuwapo jina la mhunzi lililochongwa kwa patasi. Panga nyingi za wakati wa vita huwa pia na chapa ndogo iliyogongwa karibu na jina. Hata hivyo, msikimbilie kushangilia mkiona jina kubwa. Majina ya wahunzi mashuhuri kama Masamune na Kotetsu yameghushiwa kwa mamia ya miaka. Na msikate tamaa mkikosa jina, kwani panga nyingi ndefu za kale zilifupishwa kwa kukatwa upande wa msuka, na jina likaenda na kipande kilichokatwa.

Mwanao anayependa sinema naye asome hapa. Upanga halisi wa Kijapani hutokana na mchanga wenye chuma unaoyeyushwa pamoja na makaa katika tanuri la udongo kwa siku tatu, usiku na mchana. Kazi hiyo bado hufanywa katika mkoa wa Shimane. Mhunzi huifua feleji inayopatikana, huikunja na kuifua tena mara nyingi. Mwishoni huupaka upanga udongo, mwembamba kwenye makali na mzito mgongoni, akautia motoni na kuuzamisha majini. Makali hupoa upesi yakawa magumu. Mgongo hupoa taratibu ukabaki na unyumbufu. Upanga hujipinda wakati huo, na pale sehemu hizo mbili zinapokutana hutokea mstari mweupe kama ukungu wa alfajiri. Wakusanyaji hulipa pesa nyingi kwa ajili ya mstari huo na vinyweleo vya feleji vinavyouzunguka.

Msasa huufunika uzuri huo kwa mikwaruzo na kuzilaza kingo za bapa na ncha. Japani kuna mafundi ambao kazi yao ni kusugua panga tu. Hujifunza kwa miaka mingi, na hutumia mawe ya aina nyingi, kuanzia yale ya kukwaruza hadi vijiwe vyembamba kama karatasi vinavyosukumwa kwa kidole gumba. Hata wao, kila wasuguapo, hupunguza feleji kidogo. Upanga una idadi yake ya kusuguliwa kabla haujaisha. Kijana wako atatumia bure, kwa saa moja, kile ambacho vizazi kumi vilikihifadhi.

Tuje kwa mjomba na safari ya Japani. Wengi wetu tunajua habari za kuagiza magari kutoka huko, na tunajua kwamba gari bila kitabu chake ni mzigo. Upanga ni vivyo hivyo. Kwa sheria ya Japani ya mwaka 1958, kila upanga wa asili ulioko nchini humo lazima uwe na cheti cha usajili kinachotolewa na bodi ya elimu ya mkoa. Cheti huandamana na upanga, si na mtu. Anayeununua hutakiwa kuarifu bodi hiyo katika muda wa siku 20.

Upanga unaoingia Japani kutoka nje nao lazima uonyeshwe kwa wakuu tangu unapofika, kisha ukaguliwe. Na hapa mjomba afungue masikio: hupewa cheti ule tu uliofuliwa kwa njia ya asili. Ule wa kiwandani wa wakati wa vita haupewi. Bila cheti hauruhusiwi kumilikiwa huko, na mara nyingi mwisho wake ni kuharibiwa. Kwa hiyo mkiusafirisha kabla ya kujua ni wa namna gani, mnaweza kulipa nauli ili upanga wa babu ukakatwe vipande. Matatu ya mjomba itakuwa imeanguka mtoni kabla haijanunuliwa.

Anayenunua kule na kuleta huku ana taratibu zake pia. Asiye mtaalamu hununua upanga wenye karatasi za chama kinachohifadhi panga, kilichoanzishwa mwaka 1948 na chenye jumba la makumbusho Tokyo. Wataalamu wa chama hicho huukagua upanga na kuupa daraja. Kisha muuzaji huomba kibali cha kuutoa nchini kutoka Idara ya Utamaduni, na cheti cha usajili hurudishwa. Upanga uliotangazwa kuwa Hazina ya Taifa hautoki hata kwa pesa za aina gani. Kungoja kibali huchukua majuma kadhaa, na muuzaji anayekuahidi kuutuma kesho asubuhi bila karatasi ni wa kukimbiwa.

Kuhusu kufunga mzigo, kanuni ni chache. Kigingi kiwe mahali pake, ala ifungwe isiteleze, upanga uviringishwe vizuri na kutiwa ndani ya bomba gumu au sanduku la mbao, na bima ilipwe. Kwenye fomu ya forodha andika ukweli. Vitu vya kale vyenye zaidi ya miaka 100 vina fungu lake katika orodha ya ushuru ya kimataifa, na silaha za makali zina fungu lingine; anayeandika "zawadi" au "kisu cha jikoni" ataupoteza mzigo wake. Usisahau kuuliza kampuni ya usafirishaji kama inapokea panga, kwani nyingine hukataa. Na kabla ya kuhamisha huo wenu hata kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, piteni kituo cha polisi mkaulize utaratibu. Tafadhali msipande nao matatu ukiwa ndani ya gunia!

Sasa nirudi kwako, dada, kwani wewe ndiye uliyeniandikia kwa uchungu. Unaogopa damu ya upanga huo, na sikucheki. Lakini nikusimulie mambo mawili.

Mwaka 1939 upanga mmoja wa Masamune, uitwao Honjo Masamune, ulitangazwa kuwa Hazina ya Taifa ya Japani. Ulikuwa mali ya ukoo wa Tokugawa. Desemba 1945 ukoo huo uliukabidhi katika kituo cha polisi Tokyo, kwa kuwa washindi wa vita walikuwa wakikusanya silaha. Mapema mwaka 1946 ulichukuliwa na mtu aliyeandikishwa kama sajini wa jeshi la Marekani. Tangu hapo haujulikani uliko. Huenda uko chini ya kitanda cha mtu asiyejua alicho nacho. Huenda kuna kijana aliyeusugua kwa msasa.

La pili ni la Walter Compton, Mmarekani aliyependa kukusanya panga za Kijapani. Alinunua upanga mmoja wa mhunzi Kunimune, kisha akagundua kwamba ulikuwa Hazina ya Taifa iliyopotea baada ya vita kutoka hekalu la Terukuni huko Kagoshima. Angeweza kunyamaza, au kudai fedha. Mwaka 1963 aliurudisha bila kudai malipo. Wakusanyaji wanamkumbuka kwa ule aliouachilia kuliko kwa zote alizobaki nazo.

Ndiyo maana nasema upanga wa kale haumilikiwi, huwekwa amana. Aliyeufua amekufa, walioubeba wamekufa, na wewe na mimi tutapita tuuache. Kazi yetu ni kuukabidhi kwa anayefuata bila kuuharibu.

Basi fanyeni hivi. Pangusa bapa, si msuka, kwa kitambaa laini kikavu, kisha paka mafuta mepesi ya cherehani, tabaka jembamba tu. Wajapani hupaka mafuta yenye harufu ya karafuu, karafuu hii hii tunayoijua ya Unguja na Pemba. Msiguse bapa kwa vidole, maana jasho huleta kutu. Uwekeni pakavu, umelala, makali yakitazama juu, mbali na watoto. Mkiweza kukitoa kigingi bila kutumia nguvu, pigeni picha za msuka pande zote mbili, na za bapa zima na ncha. Kikigoma, kiacheni. Waonyesheni picha hizo wataalamu zaidi ya mmoja, na kamwe msimtegemee yule anayetaka kununua awaambie bei.

Kisha chukueni kalamu. Andikeni jina la babu, nambari yake ya jeshi, nishani zake, na kila neno mnalokumbuka alilosema kuhusu Burma. Karatasi hiyo itaupa upanga historia ambayo hakuna fundi wa Tokyo anayeweza kuiongeza. Mwanao wa chuo kikuu ndiye aifanye kazi hiyo. Mikono inayotafuta msasa ipewe kalamu.

Mkimaliza, kaeni kikao cha jamaa nzima mwamue kuuza, kuweka au kurudisha. Kama utakuwa wa kiwandani, bado ni kumbukumbu ya mzee aliyevuka bahari na kurudi mzima. Kama utakuwa wa kale, huenda kuna ukoo Japani ambao nao unauliza babu yao aliuacha wapi. Nitasubiri barua yako ya pili, dada. Tukutane Jumapili ijayo.