Matokeo ya utafiti yarudi pia kwa waliotoa damu yao

Wataalam wa tiba kutoka nchi mbalimbali hukutana mara kwa mara katika mikutano ya kisayansi, huko Ulaya, Marekani na hata Kinshasa. Wanapanda jukwaani, wanaonyesha hesabu zao, na wenzao wanazichambua. Ni kazi njema, maana ndivyo dawa ya kweli inavyotenganishwa na ya uongo. Lakini sisi raia wa mashariki mwa Congo tuna swali: nani anarudi kutuambia?

Tuna haki ya kuuliza. Kuanzia Novemba 2018, Ebola ikiwa inaua Kivu ya Kaskazini na Ituri, wagonjwa 681 waliingia katika utafiti ulioitwa PALM, huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Dawa nne zililinganishwa. Agosti 2019 ikajulikana kwamba mbili zinashinda: waliopewa hizo, karibu theluthi moja walikufa, kwa dawa zingine, karibu nusu. Moja kati ya hizo mbili ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995. Mwaka 2020 zote mbili zilikubaliwa rasmi Marekani.

Utafiti huo ulionyesha pia kwamba anayefika kituoni mapema ana nafasi kubwa zaidi ya kupona. Kwetu habari hiyo ilikuwa na uzito wa dawa. Wengi walikuwa wakisema anayeingia kituoni hatoki. Vituo vilichomwa, na Aprili 2019 mganga wa OMS, Richard Mouzoko, aliuawa Butembo. Mahali ambapo habari ya kweli inachelewa, uvumi unatawala.

Mpox imetufundisha jambo lilelile. Aina mpya ya virusi hivyo iligunduliwa Kamituga, Kivu ya Kusini. Agosti 2024, utafiti uliofanywa Tunda, Maniema, na Kole, Sankuru, ulionyesha kwamba dawa ya tecovirimat haiponyeshi vidonda haraka zaidi. Wengi waliishia hapo. Lakini kati ya wagonjwa wote wa utafiti huo, waliopata dawa na wasioipata, waliokufa walikuwa asilimia 1.7 tu, chini ya asilimia 3.6 au zaidi inayoonekana kwa kawaida nchini. Walilazwa, wakalishwa vizuri, wakatunzwa. Maana yake: hata dawa ikikosekana, mpeleke mgonjwa hospitali. Je, mama wa Kamituga ameambiwa hivyo?

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, Wizara ya Afya na kamati za maadili zisiruhusu utafiti wowote usio na feza zilizotengwa za kurudisha matokeo kwa raia, kwa Kiswahili, Kinande, Mashi au Kilega, kupitia redio, RECO, makanisa na misikiti. Pili, watafiti Wakongomani wasiachwe nyuma. Mwaka 2022, Waafrika wengi walikosa viza ya kwenda Montreal kwenye mkutano wa dunia juu ya UKIMWI. Anayekusanya sampuli kijijini anastahili pia kusimama jukwaani.

Nasi waandishi wa habari tuna deni. Tunahesabu wafu kila siku wakati wa mlipuko, kisha matokeo yakitoka tunakuwa tumehamia habari nyingine. Aliyekubali kuchomwa sindano akiwa katikati ya homa alitoa mchango wake. Kumwambia ulizaa nini ni haki yake.