Wazee Wajengewe Daraja Kati ya Wadi na Nyumba

Wahenga walinena kuwa ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Mzee avunjikapo nyonga, au apatwapo na kiharusi, naye hurejeshwa nyumbani mara daktari asemapo kuwa hatari imepita. Hata hivyo, kupita kwa hatari si kupona. Mzee huyo bado hawezi kusimama wala kujilisha, na zizini hamna mwenye ujuzi wa kumfunza upya mambo hayo.

Je, mzigo huo humwangukia nani? Walimu wanalijua jibu. Ni yule msichana ambaye jina lake huitwa darasani kila asubuhi pasiwe na wa kuitika. Hakutoroka shule, yumo nyumbani akimgeuza nyanya yake kitandani asije akapata vidonda.

Uingereza ilianza kuliziba pengo hili mwaka wa 2000, serikali yake ilipotangaza huduma za kati. Wauguzi, wataalamu wa mazoezi ya viungo na maafisa wa ustawi wa jamii humhudumia mzee kwake au katika kituo kidogo, kwa kawaida kwa muda usiozidi wiki 6, hadi aweze kujitegemea.

Wapo watakaosema kuwa kwetu Afrika kumtunza mzee ni wajibu wa jamaa. Ni kweli, ila Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kimewataja jamaa na Serikali kwa pamoja. Aidha, upendo wa mjukuu, hata uwe mkubwa vipi, hauwezi kuchukua nafasi ya utaalamu.

Hatuhitaji kujenga hospitali mpya. Kaunti, ambazo zilikabidhiwa huduma za afya mwaka wa 2013, zinaweza kutenga vitanda vichache katika vituo vya afya vya mashinani na kumtuma mtaalamu wa viungo avizuru kila wiki. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao tayari hupita nyumba hadi nyumba, wafunzwe kumsaidia mzee anayepata nafuu. Shilingi 2,000 za kila mwezi za mpango wa Inua Jamii ni msaada mwema, lakini fedha pekee hazimfunzi mtu kutembea.

Mabunge ya kaunti hayana budi kulizingatia jambo hili yanapojadili makadirio ya fedha. Kila mzee anayesimama tena kwa miguu yake humrudisha mtoto mmoja darasani.