Aliyeungua Hawezi Kusubiri

Lori la mafuta lilipolipuka Morogoro Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha, na baadhi yao walifia hospitalini siku kadhaa baada ya moto kuzimwa. Vifo hivyo vya baadaye ndivyo vinavyotupasa kuvitafakari, maana tumezoea kusema kuwa aliyeungua sana amekwisha. Si kweli tena. Miaka ya 1940, hata katika hospitali bora za Marekani, kijana aliyeungua nusu ya mwili alikuwa na nafasi ya kufa sawa na ya kupona. Leo katika vituo vizuri wapo wanaopona wakiwa wameungua asilimia 80.

Atakayejibu kwamba hayo ni ya nchi tajiri, namwomba atazame kilicholeta mabadiliko. Mishipa iliyoungua huvuja, na mgonjwa huweza kufa kwa kupungukiwa maji kabla vijidudu havijamshambulia. Kanuni ya kukadiria dripu ya daktari Charles Baxter wa Dallas, ya mwaka 1968, ni hesabu ya shule ya msingi: mililita 4, mara kilo za uzito, mara asilimia ya mwili iliyoungua, nusu iingie ndani ya saa 8 tangu alipoungua, si tangu alipofika wodini. Siku hizi imetambulika kwamba dripu ikizidi huvimbisha tumbo na mapafu, hivyo madaktari wengi huanza na kiasi kidogo, kisha hufuata mkojo wa kila saa. Mpira wa mkojo upo wilayani. Walio adimu ni wauguzi wa kupima usiku kucha, na ajira zao tuna haki ya kuzidai. Wala si kila cha gharama kinafaa: kirutubisho cha glutamini kilichojaribiwa kwa wagonjwa wapatao 1,200, matokeo yakatolewa 2022, hakikuwaharakishia kutoka hospitalini wakiwa hai.

Pingamizi lenye nguvu linahusu upasuaji. Daktari wa upasuaji Zora Janžekovič wa Maribor, Slovenia, alionyesha kwamba ngozi iliyokufa ikiondolewa siku za mwanzo na nyingine kupandikizwa papo hapo, mgonjwa hupona upesi zaidi. Kazi hiyo hutaka damu, mtaalamu wa usingizi na chumba cha upasuaji, navyo havipo kila mahali. Basi rufaa itolewe mapema, si baada ya wiki tatu za kubadilisha bandeji. Nasi nyumbani tuache dawa ya meno na unga. Kidonda kimwagiwe maji safi ya bomba kwa dakika 20, mgonjwa afunikwe asipatwe na baridi, na safari ya hospitali ianze.