Mkulima wa Oktoba

Kila uchaguzi mkuu, ufikapo mwezi wa Oktoba, wakulima huongezeka hapa Njombe. Mtu ambaye hujapata kumwona shambani husimama jukwaani Makambako na kusema, "Mimi ni mkulima mwenzenu." Nao wakulima wenyewe humpigia makofi.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaka kila kiongozi wa TANU awe mkulima au mfanyakazi. Masharti hayo ya uongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Jina la mkulima likabaki, maana halina gharama. Mheshimiwa Pinda, Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, alijiita mtoto wa mkulima. Hapo sina ugomvi: hakudai kwamba yeye ndiye alimaye.

Ugomvi wangu ni na wale walioanza na jembe kweli. Namjua mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye viazi vyake vilikuwa vikijaza lori. Wanakijiji walimchagua kuwa diwani kwa kuwa aliijua bei ya mbolea kuliko afisa yeyote. Kampeni zikala siku za kutayarisha shamba, na mvua za Novemba zikamkuta semina mjini. Mwaka wa pili akalikodisha shamba. Mwaka wa tatu mbolea ya kupandia ilichelewa, naye akaja kutuhimiza tuwe na subira. Mahindi hayana subira!

Wastaafu wenzangu husema dawa ni kudai madiwani wawe na shahada. La hasha. Sheria inamtaka diwani ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na huyu bwana makabrasha ya halmashauri anayasoma vizuri sana. Kilichompotea ni shamba.

Na nani alimfundisha kulikimbia? Ni mimi. Chuoni nilifundisha Elimu ya Kujitegemea na kutoa maksi kwa walioieleza kwa ufasaha. Kisha, nilipokuwa mkuu wa shule, mtoto aliyechelewa namba nilimpa jembe kama adhabu. Huyu alilima sana nyuma ya bweni.

Majuzi alikuja kunisalimu. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwuliza habari za shamba. Akacheka: "Mwalimu, adhabu yangu nilikwisha imaliza."

Nilicheka naye, kisha nikaona haya. Hata hivyo nimemwambia kwamba kura yangu ataipata nikiyaona matuta yake ya viazi.