Chemirocha na Hofu ya Utungo Mpya

Mwacha mila ni mtumwa, walisema wahenga. Kwa bahati mbaya, methali hii hutumiwa kumnyamazisha kijana aliyejitungia wimbo. Mwalimu mmoja wa Bomet alinieleza majuzi jinsi utungo wa wanafunzi wake kuhusu mashine za kuchuma majanichai ulivyokataliwa katika mashindano, eti "si wa kiasili". Nilimkumbusha habari ya Chemirocha.

Mwaka 1950, Hugh Tracey alifika Kapkatet, Kericho, akawarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha kwa kinubi. Huyo hakuwa shujaa wa kale. Alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilifika vijijini kwa santuri. Kiisimu, badiliko la jina lina mantiki: Kikipsigis hakitofautishi fonimu j na ch, na Che- ni mwanzo uliozoeleka wa majina ya kike. Mgeni alitiwa katika sarufi ya wenyeji. Basi wimbo tunaouita urithi leo ulikuwa, siku hizo, utungo mpya kuhusu jambo jipya.

Kwa sababu hii namstahi Tabu Osusa. Mtunzi huyu wa Nairobi City Ensemble alianzisha Ketebul Music mwaka 2007. Katika muongo wa 2010, taasisi hiyo ilishirikiana na maktaba ya muziki ambayo Tracey aliianzisha Afrika Kusini mwaka 1954, rekodi zikarejeshwa kwa Wakipsigis. Hata hivyo, Osusa hakukomea kwenye kumbukumbu. Aliwapa nafasi pia watunzi wapya wenye kujenga juu ya midundo ya kwao, wakiwemo Makadem na Winyo.

Watakuwepo watakaosema kwamba mlango ukifunguliwa, takataka zitaingia. Hoja hiyo ina uzito, lakini dawa yake ni kipimo, wala si kufuli. Kikipsigis ni lugha ya toni. Mwamuzi na aulize iwapo mwendo wa sauti umeziheshimu toni za maneno, iwapo kinubi kinajibizana na mwimbaji, na iwapo maneno yana jambo la kusema.

Mashine zimewanyima kazi wazazi wengi wa Kericho na Bomet. Iwapo watoto wao hawaruhusiwi kuliimba hilo, miaka sabini ijayo watafiti watarekodi nini? Walimu wenzangu, mila huachwa pia pale inapokatazwa kuzaa.