Kocha wa kikapu naye apandiwe mwembe

Nilikuwa kimya kidogo, si mnajua tena mambo ya testi na zile kazi za vikundi ambazo watu saba wanaandika majina halafu wawili ndio wanaofanya. Leo siongelei bumu wala foleni ya kantini. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Ijumaa, acha nilitoe.

Ijumaa nilikwenda kwenye sherehe ya kumuaga mwalimu wangu wa sekondari aliyestaafu. Shule siitaji, ni moja ya hizi za hapa hapa Tabora. Mwalimu huyu alikuwa wa hesabu, lakini kila siku kuanzia saa kumi jioni mpaka mpira usionekane kwa giza alikuwa kiwanjani anatufundisha kikapu. Miaka nenda rudi. Sisi wote tulimwita Kocha, hata walimu wenzake.

Basi siku ya kumuaga zikasomwa hotuba. Amesifiwa kwa kuwahi kazini, amesifiwa kwa ufaulu wa hesabu, amesifiwa kwa kutogombana na mtu. Akapewa godoro, blanketi na cheti chenye fremu. Pilau ikaliwa, soda zikanywewa. Neno kikapu halikutajwa hata mara moja! Tulikuwa watano pale tuliocheza chini yake, tukabaki tunaangaliana. Mwisho akapewa nafasi ya kushukuru. Akashukuru vizuri, kisha akasema: "Ile ringi ya upande wa bwalo imelegea. Naomba mtu aikaze kabla haijamwangukia mtoto."

Watu walicheka. Mimi kwa kweli sikuweza.

Ringi yenyewe aliifanya yeye. Alimpelekea nondo fundi wa mageti akaikunja mpaka ikafika sentimita 45 kwa upana. Siku ya kuifunga alipanda juu ya meza ya darasani na utepe wa fundi cherehani, akapima kutoka chini mita 3 na sentimita 5, akashuka, akapima tena. Tulimwambia Kocha, kwani sentimita mbili zina nini? Akasema mtoto aliyezoea ringi fupi akifika mkoani atadhani hajui kucheza, kumbe alidanganywa na shule yake. Hilo ni somo la hesabu, la ufundi na la maadili, vyote kwa dakika kumi. Hapa chuoni ninasoma ualimu na bado sijapata mhadhara uliolishinda.

Sasa hoja yangu ni hii: walimu na wachezaji waliobeba michezo ya shule zetu kwa miaka mingi waheshimiwe rasmi, kwa majina, tena wangali hai. Wahenga walishasema mcheza kwao hutunzwa. Sisi mcheza kwao tunampa godoro halafu tunamsahau.

Mtasema nimeanza kuhutubia. Subirini kwanza nirudi nyuma kidogo.

Mji wetu umejengwa na watu waliobeba. Ile njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, kilomita kama 1,200, ilipita hapa, na wengi wa wapagazi walikuwa Wanyamwezi, babu zetu, wenye pembe na marobota ya kilo 30 na zaidi begani. Ukienda Kwihara leo utaoneshwa tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Jina lake lipo. Stanley jina lipo. Burton na Speke, waliofika Kazeh mwaka 1857, majina yapo. Waliobeba mahema yao, vyakula vyao na hata vitabu vyao, wengi hawana jina popote. Mmoja anayejulikana vizuri ni Sidi Mubarak Bombay, aliyetembea na Speke, Stanley na Cameron, na mwaka 1876 Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya Uingereza ikampa nishani ya fedha na pensheni. Kwa nini yeye alikumbukwa? Kwa sababu wenye kalamu waliandika jina lake. Asiyeandikwa alibeba mzigo ule ule, jua lile lile, kisha akapotea.

Kocha wa shule ni mpagazi wa aina hiyo. Mtoto anafika mkoani, anafika UMISSETA ya taifa, magazeti yanapiga picha kombe na mgeni rasmi. Aliyembeba mtoto huyo tangu hajui hata kudunda mpira yuko nyuma ya picha, amebeba ndoo ya maji.

Hebu jiulizeni. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, akachukuliwa na Memphis Grizzlies, Mtanzania wa kwanza kufika kule. Kila kijana wa rika langu analijua jina hilo. Juzi bwenini nikauliza: nani alimfundisha kikapu hapa nyumbani, kabla hajavuka bahari? Chumba kizima kimya. Mmoja akajibu "wazungu". Unaona?

Na mchezo wenyewe ulibuniwa na mwalimu! James Naismith alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo kule Springfield, Massachusetts. Desemba 1891, baridi kali, vijana wamechoka na wakorofi, akatundika vikapu vya matunda ukumbini na kuandika kanuni 13. Leo jumba la heshima la mchezo huu lina jina lake. Wenzetu walijua kwamba kumwandika mwalimu hakupunguzi sifa ya mchezaji.

Msiseme Marekani ni mbali. Twende Kenya hapo. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell alitoka Ireland kuja kufundisha jiografia shule ya St. Patrick's, Iten. Hakuwa kocha wa riadha, alijifunzia pale pale. Miongoni mwa vijana aliowafundisha ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 kule London mwaka 2012, rekodi ya dunia. Na pale shuleni kwao wanapanda miti kwa heshima ya mabingwa waliopita hapo. Mtoto wa kidato cha kwanza anapita chini ya kivuli cha mtu aliyevaa sare kama yake.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Tabora tunakosa nini kwenye suala la miti? Miembe ndiyo alama ya njia ya misafara, miembe ndiyo mji wenyewe! Kila shule inayo. Basi kila mwalimu wa michezo anayestaafu baada ya kufundisha miaka mingi, apandiwe mwembe kando ya kiwanja, pawe na kibao chenye jina, mchezo aliofundisha na miaka yake. Halafu ofisini liwepo daftari moja tu: timu za kila mwaka, majina ya wachezaji, kocha, walifika wapi. Bei ya daftari mnaijua. Gharama yote haifiki ile ya pilau ya Ijumaa.

Rafiki yangu ninayelala naye chumba kimoja amenipinga ile mbaya. Anasema: "Wewe unamletea mzee mti, mzee anataka nauli na dawa. Heshima bila hela ni kejeli." Nimekaa na maneno hayo siku mbili, na nakubali ana ukweli mkubwa. Kocha alitumia mshahara wake kununua mipira, hilo nimeliona kwa macho yangu. Saa za jioni hazikuhesabiwa kama kazi. Kwa hiyo naongeza kwenye hoja: saa za kiwanjani ziandikwe kama vipindi na zilipwe posho, hata kidogo. Lakini nimemjibu hivi: mtu ambaye kazi yake haijaandikwa popote, utamlipa kwa kielelezo gani? Daftari linakuja kwanza. Hata Bombay pensheni ilimfikia kwa sababu safari zake zilikuwa kwenye maandishi.

Mwingine kasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, tukiwasifu watalegea. Jamani, mtu kastaafu! Atalegea vipi? Na aliye kazini akiona mwenzake ameheshimiwa atajua kuna anayeona.

Kuna wanaosema pia tusubiri waliotoa mabingwa. Hapo nakataa kabisa. Kocha wetu hakutoa mtu wa NBA. Katika sisi watano mmoja ni nesi, mmoja anaendesha lori la tumbaku Urambo, wawili wako jeshini, na mimi niko hapa nahangaika na saikolojia ya elimu. Kidato cha pili nilikuwa nimeshaanza kutoroka shule. Aliniambia neno moja tu: jioni hakuna aliye kiwanjani kama asubuhi hakuwa darasani. Nikarudi darasani kwa ajili ya mpira, nikabaki kwa ajili ya masomo. Hiyo haina kombe, ila mimi ndiyo maisha yangu.

Na hili linatuhusu sisi wa ualimu kuliko wote. Darasani kwetu niliuliza nani atakubali kubeba michezo akipangiwa shule. Mikono ikainuka michache, na wenzangu wakaeleza bila aibu: kazi haionekani, kwa nini ujichoshe? Siwalaumu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo shuleni iliwahi kusimamishwa kabisa na wizara, na pale iliporudi ilihitaji watu wa kuiamsha. Watu kama Kocha. Wakiondoka bila hata jina ukutani, nani atashika filimbi? Nchi hii Rais wake wa kwanza, aliyesoma Tabora Boys na kufundisha St. Mary's hapa hapa mjini, alipendelea kuitwa Mwalimu. Basi neno hilo tulipe uzito wake hata kwa anayevaa bukta.

Mimi najiandikisha: nikipangiwa shule, nitashika kikapu. Nimeandika hapa ili mnisute siku nikikwepa.

Kwa kuanzia, Jumamosi hii saa mbili asubuhi tunakwenda na wale wenzangu. Mkuu wa shule ameshatukubalia, na Kocha ameahidi kuja. Mche wa mwembe tumeupata, mvua zimeshaanza, kibao amejitolea fundi yule yule wa mageti. Na ringi ya upande wa bwalo tutaikaza. Anayetaka kuja anikute getini. Mwenye spana kubwa aje nayo, tuliyo nayo imelika meno.

Tuko pamoja.